Bingwa wa Kinga: Rekodi za Seli Inayoikabili Kansa

Katika pambano la mwili na kansa, anayepuliza baragumu ni seli ya dendriti. Humeza vipande vya uvimbe, hukimbia navyo hadi kwenye tezi za limfu na kuvionyesha kwa seli T, zile zinazoua. Tuanze kuhesabu!

6. Kongwe zaidi vitabuni. Paul Langerhans, mwanafunzi mjini Berlin, aliiona kwenye ngozi mwaka 1868, akadhani ni neva. Mkutano wa Berlin ulioamua hatima ya Kongo ulikuwa bado miaka 16. Jina la dendriti lilitolewa New York mwaka 1973 na Ralph Steinman na Zanvil Cohn.

5. Adimu zaidi. Haifiki moja katika chembe nyeupe 100 za damu. Jaza watu 80,000 Stade des Martyrs ya Kinshasa: wa aina yake hawatafika 800, abiria wa mabasi 14.

4. Yenye kasi zaidi. Ndani ya tezi za panya, seli moja ilikadiriwa kukutana na seli T hadi 5,000 kwa saa. Onyesha bariyeri ya njia ya Sake–Masisi inayokagua hivyo!

3. Tuzo iliyochelewa zaidi. Steinman, mgonjwa wa kansa ya kongosho, alijitibu kwa chanjo za seli hizo hizo. Alifariki siku 3 kabla ya kutangazwa mshindi wa Nobel, 2011.

2. Ghali zaidi. Sipuleucel-T, tiba ya kansa ya tezi dume inayotokana na seli za aina hii, iliyoidhinishwa Marekani 2010: dozi 3 ziliuzwa wakati huo dola 93,000. Mfugaji wa Masisi akiuza kila ng'ombe dola 500, atamaliza ng'ombe 186, kwa miezi 4 hivi ya maisha ya ziada. Rekodi ya aibu, kwa maoni yangu.

1. Mpaka mkali zaidi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza mwaka 1958 kansa ya taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili waliifuatilia kwa gari kilomita 16,000, sawa na Goma–Masisi kwenda na kurudi mara 100. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ilikuwa nadra. Kwa kipimo hicho, malisho ya juu ya Masisi yanapona na msitu wa Walikale, ulio chini kwenye joto, uko hatarini, ingawa ni majirani! Anayeuchora mpaka huo ni mbu: malaria ya mara kwa mara hushirikiana na kirusi cha Epstein-Barr kuileta kansa hiyo. Na malaria humgusa hata bingwa wetu. Kilifi, Kenya, watafiti waliripoti mwaka 2001 kwamba seli za dendriti za watoto wenye malaria zilikuwa na upungufu wa HLA-DR, molekuli ambazo seli hizo huzitumia kuonyesha adui.