Je, Wajua? Karata: ipi ni mali, ipi ni karatasi tu

Je, wajua kwamba ndani ya Kinama unaweza kutoka Ngozi ukaingia Bururi kwa miguu, bila hata kutoa jasho? Kartiye za zone hii ya kaskazini mwa Bujumbura zimepewa majina ya mikoa: Bubanza, Gitega, Muramvya, Ruyigi na nyinginezo. Alasiri, popote palipo na ligala, yaani kijiwe, karata hazikosekani. Wanne wanacheza, kundi zima limesimama nyuma yao likicheza kwa mdomo. Pakiti huchangwa na kugawiwa mpaka pembe zinachakaa, halafu inanunuliwa nyingine. Lakini mtu akiamua kuziweka karata badala ya kuzicheza, miaka ikapita, zitamlipa?

Kwa kawaida, hapana. Ila zile chache zilizolipa zina visa.

Je, wajua kwamba kuna pakiti iliyopanda thamani mara 51 ndani ya miaka mitano? Ilichorwa kwa mkono huko kusini mwa Nchi za Chini, hasa Ubelgiji ya leo, kati ya mwaka 1475 na 1480. Badala ya kopa na shupaza, ina vifaa vya kuwindia: pembe za kupuliza, mikanda ya shingo za mbwa, kamba za kuwafungia mbwa na vitanzi vya kunasia mawindo. Mwaka 1978 muuza vitu vya kale wa Amsterdam aliipata kwa dola 2,800. Mwaka 1983 Metropolitan Museum ya New York iliinunua kwa dola 143,000. Yule muuzaji aliushuku umri wake akaifanyia utafiti, na utafiti ndio uliotengeneza pesa. Hakuna pakiti nyingine ya karata za kawaida ya karne ya 15 inayojulikana ikiwa na karata zote 52. Tena hazikuchakaa, inaonekana wenyewe hawakuzicheza sana.

Kabla hujaenda kupekua sanduku la babu, kumbuka kwamba kabla ya miaka hiyo mitano ilipita miaka 500 ambayo pakiti hiyo haikumtajirisha mtu.

Wajua kwamba karata ziliwahi kuwa pesa kamili? Si za kamari, pesa za kununulia mkate. Mwaka 1685, katika koloni la Ufaransa ambalo leo ni sehemu ya Kanada, meli iliyobeba mishahara ya askari ilichelewa. Msimamizi wa koloni, Jacques de Meulles, akakusanya karata za kuchezea, akaandika thamani juu yake, akatia sahihi, akaamuru wafanyabiashara wazipokee. Meli ilipofika, alizikomboa. Mambo yakaenda vizuri, na hapo ndipo balaa ilipoanzia, kwani serikali ilionja utamu wa kutengeneza pesa bila fedha. Kufikia mwaka 1714 karata za thamani ya livre milioni 2 hivi zilikuwa mikononi mwa watu. Ufaransa ikakubali kuzikomboa kwa nusu ya thamani yake. Aliyekuwa ameficha karata za livre 100 chini ya godoro akaondoka na 50. Zilizorudishwa ziliharibiwa, ndiyo maana zilizobaki ni adimu, na leo mkusanyaji akipata moja ya kweli hailazi nje.

Msomaji wa Bujumbura hahitaji kuelezwa hofu ya aina hiyo. Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, ikawapa watu siku 10 tu kuzirudisha. Thamani ya karatasi ni ahadi ya aliyeitoa, na aliyeitoa anaweza kupanga tarehe ya mwisho.

Basi je, wajua kwamba noti na karata zilizaliwa nyumba moja? Thomas de la Rue, mzaliwa wa kisiwa cha Guernsey, alipata hataza ya kuchapa karata kwa mashine huko London mwaka 1831. Kampuni yake ilijifunza kuchapa rangi zinazokaa mahali pake na migongo inayofanana kabisa, maana karata yenye mgongo tofauti ni karata ya mwizi. Ujuzi huohuo ndio noti inaouhitaji. Mwaka 1860 ikachapa noti za Mauritius, na baadaye za nchi chungu nzima. De La Rue hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na kiwanda cha noti Nairobi, kilichosimamisha uchapaji mwaka 2023. Biashara ya karata iliiacha zamani, mwaka 1969.

Sasa turudi kwetu. Wajua karata za wakati wa Wabelgiji huenda zilitoka mji gani? Turnhout, mji mdogo wa kaskazini mwa Ubelgiji ambako karata zinachapwa tangu mwaka 1826. Brepols, Van Genechten, Biermans, Mesmaekers: haya ndiyo majina ya kutafuta. Mwaka 1970 Brepols, Van Genechten na Biermans waliunganisha biashara zao za karata ikazaliwa Carta Mundi, ambayo mwaka 2019 ilimnunua hata Mmarekani anayetengeneza karata za Bicycle. Mji una makumbusho yake ya karata. Burundi ilikuwa chini ya Ubelgiji tangu mwaka 1916 hadi 1 Julai 1962, kwa hiyo kama kuna karata za kizamani zilizosahaulika katika kabati la Bujumbura, uwezekano mkubwa zina jina la mmoja wa hao. Litafute kwenye karata za ree au kwenye kasha. Ukikuta Carta Mundi, jua pakiti ilichapwa baada ya uhuru.

Angalia pia herufi za pembeni. Mfalme, malkia na ghulamu wakiwa na R, D na V, karata hizo zilikusudiwa watu wa Kifaransa. Wakiwa na K, Q na J, huenda ni za Uingereza, Marekani, au, kama nyingi za sokoni leo, Uchina.

Kuna dalili nyingine ambazo hazihitaji kusoma. Mfalme mwenye kichwa kimoja na miguu chini, badala ya vichwa viwili, kwa kawaida ni mzee kuliko utawala wa Ubelgiji nchini Burundi. Pembe za mraba badala ya mviringo nazo ni dalili ya uzee, vilevile karata zisizo na namba pembeni. Namba hizo zilienea katika miaka ya 1870. Ila tahadhari: viwanda hutengeneza nakala za mitindo ya kale, na nakala huonekana safi mno.

Kwa nini basi Kinama hatuoni pakiti za namna hiyo? Sababu moja ni nyepesi: zilichezwa zikaisha. Nyingine ni nzito. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 viliwafanya watu wa kartiye za kaskazini wakimbie na walichoweza kubeba, na nyumba nyingi zikaporwa na kubomolewa. Usiku wa 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ikaleta mafuriko yaliyoua makumi ya watu upande huohuo wa mji. Familia iliyopitia hayo haina sanduku la babu. Mkusanyaji wa Ulaya anaposema kitu ni adimu, mara nyingi husahau kuuliza kiliadimika vipi.

Je, wajua kwamba serikali ya Uingereza ilimnyonga mtu kwa sababu ya ree ya shupaza? Karata zilitozwa kodi, na ree hiyo ndiyo iliyokuwa risiti: serikali ndiyo iliyoichapa, mtengenezaji akailipia. Richard Harding akaghushi zake, akanyongwa mwaka 1805. Kodi yenyewe iliendelea mpaka mwaka 1960. Marekani nao walibandika stempu za kodi kwenye makasha mpaka mwaka 1965. Leo wakusanyaji wanazipenda stempu hizo kuliko walipakodi walivyozipenda, kwani zinasaidia kujua pakiti ni ya miaka gani.

Wajua kwamba maneno “toleo maalumu” yanapaswa kukutia shaka? Burundi ina ushahidi wake nyumbani, ingawa si wa karata. Tangu miaka ya 1960 nchi ilitoa stempu nyingi za kupendeza, zenye ndege, wanyama, michezo ya Olimpiki, safari za angani. Zililenga hasa albamu za wakusanyaji wa ng'ambo, wala si barua za kutoka Ngozi kwenda Gitega. Ni nzuri kweli. Na bei yake leo? Huuzwa kwa mafungu, kwa senti. Kila aliyenunua alizitunza, kwa hiyo hazikupungua.

Linganisha na noti ambazo hakuna aliyekusudia zitunzwe. Mwaka 1964, Rwanda na Burundi zilipoachana kifedha, noti za benki yao ya pamoja zilipigwa muhuri wenye neno Burundi ili zitumike huku zikisubiriwa mpya. Watu walizitumia zikachakaa, zikarudi benki. Sasa wakusanyaji wa noti wanazisaka.

Karata hufuata mkondo huohuo. Aprili 2003 jeshi la Marekani lilichapa pakiti yenye picha za viongozi wa Iraki waliotafutwa, Saddam Hussein akiwa ree ya shupaza. Za mwanzo zilikuwa pakiti kama 200, za askari. Habari zilipoenea, viwanda vikachapa nakala kwa mamilioni, na watu wakazinunua wakidhani wananunua historia. Zile nakala bado zipo madroo kwa madroo, na hazina bei. Muuzaji akikuambia yake ni “ya asili”, mwulize ni ipi kati ya 200.

Kinyume chake: mwaka 1970 kasino ya Jerry's Nugget, North Las Vegas, ilichapishiwa karata ambazo hazikufaa mezani, zikaishia kwenye duka la zawadi zikiuzwa chini ya dola moja. Wacheza mazingaombwe wakazipenda kwa ulaini wake, wakazimaliza. Pakiti ya asili ambayo haijafunguliwa leo huuzwa kwa mamia ya dola, hata baada ya toleo jipya la mwaka 2019.

Je, wajua kwamba kadi za mpira na za michezo ni soko jingine kabisa? Vichwa vya habari huzichanganya na karata, na mtu wa Kinama akisikia kadi imeuzwa dola milioni 12.6 anaitazama pakiti yake kwa jicho jipya. Kadi hiyo, iliyouzwa Agosti 2022, ni ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, toleo la Topps la mwaka 1952. Na kwa nini ni adimu? Pamoja na mambo mengine, Topps walishindwa kuuza shehena ya mwaka huo, wakaipeleka baharini kwa tishari la takataka wakaitupa.

Za haraka haraka. Nintendo, wenye michezo ya video, walianza mwaka 1889 mjini Kyoto wakitengeneza karata za Kijapani za maua. Jokeri ni mtoto wa Marekani wa karne ya 19, mdogo kuliko wenzake kwa miaka zaidi ya 400. Mfalme wa kopa, katika karata za mtindo wa Kiingereza, ndiye pekee asiye na masharubu. Na mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba karata 52 zinahitaji kuchangwa kama mara saba, kwa kupiga mafungu mawili yaingiliane, ndipo zichanganyike vya kutosha. Anayechanga mara mbili akagawa, ama ana haraka ama anajua anachofanya.

Ukitaka kukusanya kwa mapenzi, basi fanya hivi. Hesabu karata kabla ya kulipa. Pakiti iliyopungua moja hushuka vibaya, na saba ya kopa iliyokatwa kwenye boksi la sabuni inafaa ligala, haifai mkusanyaji. Tunza kasha hata likiwa baya. Usifunge kwa raba, huacha alama; usitie selotepu; usifute uchafu kwa maji. Weka mbali na jua na ukuta wenye unyevu, maana hewa ya karibu na Tanganyika haina huruma na karatasi. Ukitaka kuuza, wanunuzi wa kweli wako kwenye vyama kama International Playing-Card Society, kilichoanza mwaka 1972, au 52 Plus Joker cha Marekani, cha mwaka 1985. Na usitarajie mengi: pakiti ya kawaida ya Turnhout ya miaka ya 1950, kamili na ndani ya kasha lake, itakupa bei ya chakula, si ya kiwanja katika kartiye ya Carama.

Mwisho kabisa, wajua kwamba kuandika juu ya karata si lazima kuiharibu? Zamani migongo ilikuwa mitupu, na watu walizifanya daftari. Mwaka 1791 serikali ya Ufaransa iliagiza orodha za vitabu vya maktaba zilizotaifishwa ziandikwe nyuma ya karata, zikiwa imara na za ukubwa mmoja. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau naye aliacha karata 27 zenye mawazo yake kwa mwandiko wake, na maktaba ya Neuchâtel, Uswisi, inazilinda mpaka leo. Mwandiko ndio mali hapo, karata ni karatasi tu. Kwa hiyo anayeandika alama za mchezo kwa bik juu ya jokeri asilaumiwe mapema, ingawa itabidi kwanza awe Rousseau.