Jina la Kichukuachuma

Mchimbaji wa Songwa au Geita ajua ya kuwa madini kuwamo mwambani si sawa na kupatikana. Ndivyo ilivyo kwa vijiumbe vya bahari: chuma huvifikia katika vumbi, lakini hakiyeyuki kwa urahisi majini. Kwa hiyo bakteria kadha wa kadha hutoa kemikali ishikamanayo na chuma, ikakibandua kwenye chembe, kisha kikapokewa ndani ya seli. Kemikali hiyo huitwa siderofoa, jina lililoundwa kwa Kigiriki, maana yake “mchukua chuma”. Twapendekeza kichukuachuma, kwa kigezo cha kifunguakinywa. Kuiita “mlachuma” kungepotosha, maana haili, bali huchukua. Na istilahi ipotoshapo, mwanafunzi hupotea kabla ya somo kuanza.