Nyumba za Mbao na Tetemeko la Ardhi

Je, jengo la mbao lililosimama miaka elfu na zaidi, tuliamini kuwa litasimama tena tetemeko lijapo? Wengi watajibu, "Naam, umri wake ndio ushahidi." Jibu hilo halitoshi.

Huko Japani, katika hekalu la Horyu-ji, uko mnara wa mbao wa orofa 5, wenye urefu wa mita 32 hivi, uliojengwa yapata miaka 1,300 iliyopita. Umepitia matetemeko mengi, nao ungali umesimama. Lakini tarehe 17 Januari 1995 mji wa Kobe ulitikiswa, na watu zaidi ya 6,400 wakafa, wengi wao wakiwa wameangukiwa na nyumba za mbao za zamani zenye mapaa mazito ya vigae.

Kwa nini jengo moja lisimame na jingine lianguke? Kazi ya wapimaji ni kulijua hilo mapema.

Kwanza hukagua miguu ya nguzo, maana hapo ndipo unyevu na mchwa huanza kula. Nguzo hugongwa kwa nyundo. Ikilia kama kitu kitupu, ndani imeoza. Pili, hutazama maungio. Fundi wa kale aliingiza ulimi wa mti huu katika tundu la mti ule. Tetemeko lijapo, miti hiyo husuguana bila kukatika, na nguvu ya mtikisiko hupungua humo. Tatu, hulinganisha uzito wa paa na kuta: je, kuta zatosha, na zimepangwa pande zote? Nyumba yenye upande mmoja wazi hujipinda.

Jengo la kale haliwezi kusukumwa kwa nguvu ili kulijaribu. Kwa hiyo huwekwa vyombo vya kupima mtikisiko mdogo mno uletwao na upepo na magari, navyo huonyesha jengo huchukua muda gani kuyumba mara moja, kwenda na kurudi. Muda huo ukilingana na ule wa ardhi ya mahali hapo, hatari ni kubwa. Ni kama mtoto katika bembea anayesukumwa kila anaporudi.

Mwaka 2005, mjini Miki, karibu na Kobe, nyumba mbili za mbao ziliwekwa juu ya jukwaa kubwa la mitambo, zikatikiswa kwa mwendo wa tetemeko la 1995. Moja ilikuwa imetiwa nguvu, nayo ilisimama. Ya pili iliporomoka.

Basi, wasomaji, tuuheshimu ukongwe wa jengo, lakini tusilale ndani yake kwa kuamini umri tu. Kwanza lipimwe.