Taka mabondeni, maafa mjini: funzo la Jeddah na Riyadh

Mvua ni adimu nchini Saudi Arabia, na huenda ndiyo sababu njia za maji husahaulika kwa urahisi. Hata hivyo, miji ya Jeddah na Riyadh imedhihirisha kwamba ukubwa wa maafa ya mafuriko hautokani na mvua peke yake. Hutegemea pia vitu ambavyo maji huvikuta njiani.

Tarehe 25 Novemba 2009, mahujaji walipokuwa wakianza ibada ya Hija, zaidi ya milimita 70 za mvua ziliinyeshea Jeddah kwa muda wa saa chache tu, kiasi kinachozidi wastani wa mwaka mzima. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Mtaa wa Quwayza, wenye wakazi wengi wa kipato cha chini, ni miongoni mwa ile iliyoathirika vibaya zaidi.

Kizuizi hujengwaje?

Jeddah imekaa kati ya vilima vya Hijaz na Bahari ya Shamu. Maji ya vilimani huteremka kupitia mabonde makavu yaitwayo wadi. Penye barabara, hupita chini yake katika kalvati.

Vifusi vya ujenzi, matairi na matawi ya miti yakikwama kwenye mdomo wa kalvati, mchanga huziba nafasi zilizosalia. Maji hujikusanya nyuma ya kizuizi hicho, kisha huingia mitaani au hukivunja ghafla na kushuka kwa kishindo.

Mafuriko yalirejea Jeddah Januari 2011. Baadaye mabwawa na mifereji mikubwa ilijengwa. Novemba 2022 mvua ilifikia milimita 179, nyingi kuliko ile ya mwaka 2009, lakini watu waliokufa walikuwa wawili.

Riyadh yasafisha bonde

Wadi Hanifa, bonde la kilomita 120 linalopita Riyadh, lilikuwa limegeuzwa jalala na machimbo ya mawe na mchanga. Kazi ya kulifufua ilianza mwaka 2001, chini ya mamlaka ya uendelezaji wa jiji hilo. Taka na vifusi viliondolewa, sakafu ya bonde ikasawazishwa ili mafuriko yapite, na miti ikapandwa. Mwaka 2010 mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Magogo na mabaki ya misitu

Penye misitu, kinachoziba maji ni magogo na matawi yanayoachwa na wakataji miti. Mwaka 2018, mvua ilisomba mabaki ya namna hiyo hadi Tolaga Bay, New Zealand, ikaharibu mashamba na madaraja. Kinga yake ni kuyaondoa kwenye miteremko mikali na kingo za mito, na kuyarundika mahali pa tambarare ambapo mafuriko hayafiki.

Afrika Mashariki nayo inaifahamu hatari hiyo. Tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli yalipasua njia usiku na kuua makumi ya watu. Serikali ilisema mfereji chini ya reli ulikuwa umezibwa na udongo, mawe na miti.

Kuzibua kalvati kabla ya masika hakuhitaji utajiri wa mafuta. Kunahitaji halmashauri inayojua kila kalvati lilipo, na mtu aliyekabidhiwa kulikagua.