Vinyweleo Vikubwa Usoni: Kinachosaidia na Kinachodhuru

Miongoni mwa wagonjwa wanaofika katika kliniki za ngozi wakiwa na madhara ya mkorogo, wapo ambao hawakukusudia kujichubua. Walitaka tu kuondoa vitundu vinavyoonekana puani na mashavuni, wakauziwa krimu isiyo na maelezo kwa ahadi kwamba ingevifunga. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa.

Kinyweleo ni mdomo wa kifuko cha unywele, na ndipo hutokea mafuta yanayolainisha ngozi. Mdomo huo hauna msuli wa kuufungua wala kuufunga. Hivyo kujifukiza hakuufungui na barafu haiufungi. Ukubwa wake hutokana na urithi, wingi wa mafuta, na kulegea kwa ngozi kutokana na umri na jua la miaka mingi. Mafuta na seli zilizokufa zikijikusanya ndani, kitundu hutanuka. Ncha ya mkusanyiko huo hugeuka nyeusi inapokutana na hewa. Wengi huidhania uchafu, wakazidi kusugua.

Kinachosaidia

Lengo la matibabu ni kupunguza mwonekano wa vinyweleo, si kuvifuta. Hatua ya kwanza ni kunawa uso mara mbili kwa siku kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 huyeyuka katika mafuta, hivyo huweza kuingia ndani ya kinyweleo na kulegeza kilichoziba.

Adapalini ya asilimia 0.1 hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, kwa kuanzia siku mbili au tatu kwa wiki ili ngozi izoee. Matokeo huhitaji subira ya wiki 8 hadi 12. Mjamzito, au anayetarajia kushika mimba, hapaswi kuitumia. Asubuhi hupakwa losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, isiyoziba vinyweleo.

Kinachodhuru

Ngozi nyeusi ikiwashwa au kuchubuliwa huacha madoa meusi yanayoweza kudumu miezi mingi. Limau, dawa ya meno na kusugua kwa dodoki huweza kumwachia mgonjwa tatizo kubwa kuliko alilokuwa nalo. Kwa sababu hiyohiyo, tiba ya leza hutaka mtaalamu mwenye uzoefu wa ngozi nyeusi.

Hatari kubwa zaidi imo katika mikorogo. Steroidi kali hufanya uso uonekane laini kwa wiki chache, kisha ngozi hukonda, mishipa midogo ya damu hujitokeza, na chunusi na nywele huongezeka. Mtumiaji anapoacha, uso huwaka na kuvimba, naye huirudia krimu akiamini ndiyo tiba. Baadhi ya mikorogo huwa na zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo, na kwa mjamzito hufika hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mgonjwa anayelalamikia vinyweleo aulizwe kwa upole kila anachopaka, na aombwe kuleta kopo lenyewe. Akilaumiwa, ataficha. Aliyetumia steroidi kwa muda mrefu apewe rufaa kwa daktari wa ngozi, ili aiache chini ya uangalizi. Mwanamke mwenye mafuta mengi usoni, chunusi sugu, ndevu na hedhi isiyo ya kawaida achunguzwe homoni, kwa kuwa kiini cha tatizo huenda hakiko kwenye ngozi.

Mgonjwa aelezwe pia kwamba kila uso una vinyweleo, na kwamba kuonekana kwake si ugonjwa. Picha laini za kwenye simu aghalabu zimesafishwa kwa programu. Akilielewa hilo kabla ya kufika dukani, ataweza kuikataa krimu isiyo na maelezo.