Lenzi kongwe zingali na nuru

Kuna mazoea yaliyokita mizizi katika jamii yetu ya kukipima chombo kwa umri wake badala ya kukipima kwa kazi yake. Redio ikitimiza miaka ishirini huitwa takataka, na kamusi ikipoteza jalada hutupwa pembeni hata kama kurasa zake zote zimo. Wanafunzi wetu wameyarithi mazoea haya na kuyazidisha. Katika makala haya nanuia kuyapinga kwa kutumia mfano wa chombo kimoja kidogo. Chombo hicho ni lenzi ya kamera ya nusu-fremu, iliyoundwa Japani zaidi ya miaka sitini iliyopita, ambayo leo inaweza kupachikwa kwenye kamera ya kidijitali na kutoa picha za kupendeza.

Huenda msomaji akashangaa mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya lenzi. Jibu ni jepesi. Katika utafiti wa nyanjani mimi huwapiga picha, kwa idhini yao, wazee wanaonisimulia ngano na kunifunulia msamiati wa kale. Kamera imo mkobani mwangu sawa na kinasa sauti. Na lenzi ninayoipenda kuliko zote ni kongwe kunishinda mimi mwenyewe.

Asili ya nusu-fremu

Filamu ya kawaida ya milimita 35 hutoa picha yenye upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Mnamo 1959 kampuni ya Olympus ilitoa kamera iitwayo Pen, iliyobuniwa na Yoshihisa Maitani, ambayo iliigawa nafasi hiyo mara mbili. Kila picha ikawa na milimita 18 kwa 24, na ukanda uliokusudiwa picha 36 ukatoa picha 72. Kwa mtu aliyehesabu kila senti ya filamu, hiyo haikuwa faida ndogo.

Mwaka 1963 ikafuata Pen F, kamera iliyomwezesha mpigaji kutazama kupitia lenzi yenyewe na kubadilisha lenzi apendavyo. Katika kamera nyingi za aina hiyo kioo cha ndani huruka juu wakati wa kupiga picha. Kioo cha Pen F kilifunguka kwa upande, na kwa kuwa picha yenyewe ilikuwa ndogo, lenzi iliweza kukaa karibu sana na filamu. Ziliundwa lenzi za kila namna: ya milimita 20 kwa mandhari, ya milimita 38 yenye f/1.8 kwa matumizi ya kila siku, na ya milimita 42 yenye f/1.2 kwa mahali penye mwanga hafifu. Hata hivyo, mwaka 1972 Olympus ilitoa kamera ya fremu kamili iliyokuja kujulikana kama OM-1, na lenzi za Pen F zikabaki mayatima.

Hesabu ya milimita chache

Kwa nini mayatima hawa hawakupata wa kuwalea kwa muda mrefu? Kila aina ya kamera ina umbali maalumu kati ya pete inayoshika lenzi na mahali picha inapotua. Katika Pen F umbali huo ni milimita 28.95. Katika kamera za Nikon zenye kioo ni milimita 46.5, na katika zile za Canon za mfumo wa EF ni milimita 44. Hata kamera ya kidijitali ya Olympus yenyewe, E-1 ya mwaka 2003, ilihitaji milimita 38.67. Adapta inaweza kuongeza umbali, lakini haiwezi kuupunguza. Lenzi ya Pen F ikiwekwa kwenye kamera hizo hukaa mbali mno na haiwezi kuonyesha kwa ukali kitu kilicho mbali.

Mambo yalibadilika mwaka 2008, Olympus na Panasonic zilipoanzisha mfumo wa Micro Four Thirds. Kioo cha ndani kiliondolewa na umbali ukashuka hadi milimita 19.25. Toa 19.25 katika 28.95, unabaki na milimita 9.70. Basi adapta si kitu kingine ila bomba fupi la chuma lenye unene huo, lisilo na kipande chochote cha kioo. Kwa kamera za Sony za mfumo wa E, zilizotokea mwaka 2010 zikiwa na umbali wa milimita 18, unene ni milimita 10.95. Kwa zile za Fujifilm za mfumo wa X, za mwaka 2012, ni milimita 11.25.

Mwanaisimu hawezi kulitazama bomba hilo bila kukumbuka jinsi Kiswahili kinavyowapokea wageni. Tulipoazima jina la lenzi kutoka Kiingereza, tuliongeza irabu mwishoni ili neno likae katika silabi zetu. Maana haikuguswa. Adapta nayo huongeza kipande kidogo tu, na nuru ikapita kama ilivyokuwa ikipita siku zote.

Hata hivyo, kukaa si kuenea. Lenzi hutupa duara la nuru, nalo duara hilo sharti lifunike kihisi chote cha kamera. Picha ya nusu-fremu ina ulalo wa milimita 30 kutoka pembe hadi pembe. Kihisi cha Micro Four Thirds kina ulalo wa milimita 21.6, kwa hivyo hufunikwa na ziada ikabaki. Kihisi cha ukubwa wa APS-C kina takriban milimita 28, nacho huvikwa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo; huko lenzi huona karibu vile ilivyokusudiwa kuona. Kihisi cha fremu kamili kina milimita 43, na pembe za picha hupatwa na giza. Kwa upande wangu hutumia kihisi kidogo. Hapo lenzi ya milimita 38 huona kama lenzi ya milimita 76 kwenye fremu kamili, nami hupata uso wa mzee bila kumsogelea hadi akakatiza hadithi.

Kazi ya mkono

Lenzi hizi hazina umeme. Kamera haitambui kwamba imepachikwa lenzi, hivyo katika kamera nyingi ni lazima kwanza uiruhusu kupiga picha bila lenzi. Tundu la mwanga hulifungua na kulifunga kwa pete, na ukali wa taswira huutafuta kwa vidole. Kamera nyingi za kisasa husaidia kwa kuikuza taswira kwenye skrini. Wapo watakaoiona kazi hii kuwa adhabu. Mimi naiona kuwa darasa. Mwanafunzi aliyezungusha pete kutoka f/1.8 hadi f/8 na kuona jinsi mandhari ya nyuma yanavyodhihirika hahitaji kukariri maelezo ya kitabu.

Sisemi kila kikongwe ni lulu. La kuvunda halina ubani. Lenzi iliyohifadhiwa mahali penye unyevu huota kuvu ndani, nayo kuvu huweza kuula utando wa kioo. Kabla ya kununua, imulike kwa tochi, na uhakikishe mabawa ya tundu hayana mafuta na pete zinazunguka bila kukwama. Aidha, utando wa zamani haulizuii jua la mbele kama ule wa sasa, na anayepiga picha za kandanda atafaidika zaidi na lenzi mpya inayojilenga yenyewe. Simu nayo ina nafasi yake. Lakini simu humfanyia mwanafunzi maamuzi yote na kumkabidhi picha iliyokamilika, asijue imekamilikaje.

Kwa hivyo nawasihi walimu wenzangu, hasa wa hisabati na fizikia katika shule za upili, wakiona kamera kuukuu kabatini wasiitume kwa mnunuzi wa vyuma. Waitie mikononi mwa wanafunzi. Umbali wa pete ni zoezi la kutoa, ulalo wa kihisi ni kanuni ya Pythagoras, na tundu la mwanga ni somo la uwiano. Yote hayo yanaweza kufundishwa kwa chombo ambacho wengi wamekwisha kukizika.

Lenzi za Pen F hazikuwa na ila yoyote katika miaka ile zilipokosa makao. Kilichokosekana ni mwili wenye nafasi ya kuzipokea na mtu wa kuzipigia hesabu. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Nasi leo, kabla ya kukitupa chombo, kitabu au hata neno la kale kwa sababu ya umri wake tu, na tuulize kwanza iwapo tumekipima.