Mchanga wa Pangani na Matetemeko ya Kale

Mpakani Horohoro, ambako barabara itokayo Tanga huingia Lunga Lunga na kuelekea Mombasa, ardhi huonekana kana kwamba haijapata kutikisika tangu kuumbwa kwake. Walakini miamba ya pwani hii ina habari nyingine. Upande wa bara, milima ya Usambara imesimama kama kuta kwa sababu ardhi ilipasuka na sehemu moja ikadidimia. Upande wa bahari, kisiwa cha Pemba kimetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mamia ya meta, nao pia ni kazi ya nyufa. Nyufa hizo ni za kale mno. Swali linalowashughulisha wataalamu ni zipi kati yake zingali hai, yaani zaweza kuteleza tena.

Kumbukumbu zilizoandikwa hazitoshi kulijibu. Vyombo vya kupimia matetemeko vina umri wa miaka mia na kitu tu, hali ufa mmoja waweza kulala kwa maelfu ya miaka. Kwa hiyo watafiti huchimba. Huko Subukia, nchini Kenya, tetemeko la tarehe 6 Januari, 1928, lenye ukubwa wa 6.9, liliipasua ardhi kwa kilometa 38 hivi. Handaki lililochimbwa kuukata ufa huo lilionyesha matabaka ya udongo yaliyokatika kabla ya 1928, kisha yakafunikwa na matabaka mazima. Umri wa tabaka hupatikana kwa kupima kaboni iliyosalia katika makaa au mabaki ya viumbe.

Katika mkoa wa Tanga ushahidi mkubwa umetoka pwani, kwenye Ghuba ya Pangani, nao hauhusu ufa wa karibu hata kidogo. Elinaza Mjema, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa akichunguza makazi ya kale ya wavuvi mahali hapo. Chini ya udongo kulikuwa na tabaka la mchanga lenye umri wa miaka 1000 hivi, na ndani yake vigae, mabaki ya maisha ya kila siku na mifupa ya watu. Watu hao hawakulazwa kwa desturi ya maziko. Mifupa yao haikuwa na majeraha ya vita wala dalili za maradhi ya kuua. Mwaka 2020, Mjema, pamoja na Vittorio Maselli wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, na wenzao, walitangaza maelezo yao: kijiji kilifunikwa na tsunami.

Mtu angeweza kusema kwamba mto Pangani ulifurika, au dhoruba ilipiga. Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya shaka hiyo ni kwamba mchanga wa tsunami wenye umri unaokaribiana na huo umepatikana pia katika pwani nyingine za Bahari ya Hindi. Hesabu za mwendo wa mawimbi zilielekeza kwenye Sumatra na Andaman, ambako bamba moja la gamba la dunia huzama chini ya jingine. Ufa uliowaua watu wa Pangani ulikuwa ng'ambo ya bahari nzima.

Ufa huohuo uliteleza tena tarehe 26 Desemba, 2004, kwa ukubwa wa 9.1. Wimbi lilitumia takriban saa tisa kufika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania walikufa watu wapatao kumi, idadi ndogo mno ikilinganishwa na watu zaidi ya laki mbili waliokufa katika nchi zote. Siku ile mwezi ulikuwa mpevu na bahari ilikuwa katika bamvua. Wimbi liliwasili maji yakiwa yamekupwa. Kila mvuvi wa Moa au Pangani anajua tofauti ya maji kupwa na maji kujaa wakati wa bamvua: hupita meta tatu. Lingalikuja saa chache baadaye, lingalipanda juu ya maji yaliyojaa.

Tangu hapo Bahari ya Hindi imewekewa mfumo wa tahadhari, na kwa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa tetemeko la Sumatra, saa zile tisa zatosha kuwaondoa watu ufukoni. Kwa ufa wa karibu hazipo. Tarehe 12 Agosti, 2020, tetemeko lenye ukubwa wa 6.0 lilitokea baharini kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Halikuleta wimbi la kudhuru, lakini lilidhihirisha kwamba chini ya bahari hii pia zimo nyufa zilizo hai.

Tabaka la Pangani hutoa tarehe moja tu. Halielezi maafa ya aina hiyo hurudi kila baada ya miaka mingapi. Kwa hilo lahitajika tabaka la pili, na la tatu, chini ya lile la kwanza au mahali pengine pwani. Matope ya mikoko yasiyosumbuliwa, kama yaliyopo kati ya Pangani na mpaka wa Horohoro, ni mahali pazuri pa kuhifadhi mchanga wa namna hiyo.